Tulivyowapanga majirani hadi diwani na mbunge wakashughulikia kalavati letu (uzi mrefu, maswali karibuni)

Mkazi wa Bondeni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa barabara za mitaa niligusia kwamba kalavati letu limeingia kwenye mpango wa mwaka wa fedha ujao. PM zikafurika: mlimhonga nani, mna mtu wizarani, mwenyekiti ni mjomba wako? Hakuna cha mjomba. Tulijipanga majirani, tukawaandama diwani na mbunge kwa utaratibu mpaka ikawa rahisi kwao kutusikiliza kuliko kutukwepa. Naeleza kwa kirefu maana maswali yanajirudia.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar, bondeni, kuna kijito cha msimu kinachotutenganisha na shule ya msingi, zahanati na kituo cha daladala. Masika moja maji yalibeba kalavati. Tangu hapo mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta vijana wameweka magogo wanavusha watu kwa hela. Mwenye mtoto wa darasa la kwanza anambeba mgongoni, mjamzito anazungushwa na bodaboda njia ya juu. Kila mtu alilalamika. Kundi la WhatsApp la mtaa lilijaa picha za matope na yale maneno yetu ya "viongozi wetu wanatusaidia nini".

Siku moja jirani mmoja akarusha namba ya mbunge kundini na ujumbe ulioandaliwa, akasema kila mtu anakili atume. Watu wakatuma kweli. Kilichotokea ni kwamba namba ile ikaacha kupatikana. Hata mimi ningezima. Ujumbe mia moja unaofanana neno kwa neno, kutoka namba usizozijua, hausemi watu mia wana shida. Unasema kuna mtu mmoja mwenye bando.

Tukakaa watu wachache tukaanza na swali ambalo watu huliruka: hiki kitu ni cha nani? Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mijini na vijijini, zikiwemo hizi zetu za mitaani, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 1 Julai 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo diwani hana fungu la kalavati mfukoni, na ukimfokea akujengee anakuona hujui unachodai. Alichonacho ni kiti. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, anaingia Baraza la Madiwani, na kule ndiko vipaumbele vya halmashauri vinakopigwa foleni huku meneja wa wakala (TARURA) akiwa ukumbini. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilohilo, halafu ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo, kwa sheria ya mwaka 2009, na anaweza kuuliza swali Dodoma. Kila mmoja ana kitu kimoja au viwili anavyoweza kufanya. Ukimwomba hicho hasa, hana pa kujifichia.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo mitaa mingi inapokwama. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti ni Aprili hadi Juni. Lakini ikifika Aprili kalavati lako lilishakosa nafasi, kwa sababu mipango inakusanywa kutoka mitaa na kata miezi ya mwisho wa mwaka, na halmashauri nyingi zinapitisha rasimu Januari au Februari. Sisi binadamu tunakumbuka kalavati Aprili, mvua ikiwa shingoni. Oktoba jua linawaka, nani ana habari? Basi sisi kazi yetu tuliifanya Oktoba, na kuwashawishi majirani wazungumzie mafuriko kwenye vumbi lile ndiyo ilikuwa ngumu kuliko hata kumpata mbunge.

Watu tuliwapataje? Hatukuitisha mkutano wa "wananchi wote mnakaribishwa", maana huo huja walewale. Tulianza na vikundi ambavyo tayari watu wanaaminiana: kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) cha akina mama, jumuiya ndogondogo ya wakatoliki, kamati ya msikiti, kijiwe cha bodaboda. Kila kikundi kikatoa mtu wa kubeba nyumba chache anazozijua. Naomba nimsifie katibu wa kikoba. Yule mama kazi yake ya kila wiki ni kupigia simu watu wanaokwepa marejesho, sasa kumpigia mtu kumwambia "kesho saa kumi ofisi ya mtaa, usinichomeshe" kwake ni mchezo. Wasomi wa mtaa tulikuwa tunaandika aya ndefu kundini, yeye akawa analeta watu.

Tuliwaomba majirani mambo matatu tu. Waje kwenye mkutano wa mtaa. Wasaini. Na kila kaya impigie au imtumie diwani ujumbe mmoja, kwa maneno yao wenyewe, waanze kwa kutaja wanaishi wapi, wamalizie na ombi lilelile: kalavati liwe kipaumbele cha kwanza cha kata.

Hapo kwenye maneno yao wenyewe tulibishana sana. Kijana mmoja alitaka tuandike sote ujumbe mmoja uliosanifiwa vizuri. Lakini kuna bibi anauza vitumbua asubuhi karibu na kijito, hana simu janja, akampa mjukuu wake amwandikie. Alisema hivi: "Mheshimiwa, mimi nauza vitumbua hapa mtoni. Mvua ikinyesha siuzi, na wewe unajua nyumbani kwangu maana ulikuja kuomba kura ukala vitumbua vinne." Diwani alimpigia bibi siku ileile. Sisi na aya zetu za kifungu cha katiba hatukupigiwa.

Halafu muhtasari. Hili nasema kwa herufi kubwa: MUHTASARI. Malalamiko ya kundini hayapo kiserikali. Ombi lililojadiliwa kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa na mtendaji, likasainiwa na mwenyekiti, likaambatanishwa mahudhurio, hilo lipo. Mtendaji wetu mwanzoni alisema ataandika "wananchi waliomba barabara iboreshwe". Tukamwomba aandike jina la njia, kijito, kilichosombwa, shule iliyo ng'ambo. Barabara iboreshwe ni maneno ya kila kata Tanzania nzima.

Nakala tukapeleka kata, kwa diwani, ofisi ya mbunge jimboni, na ofisi ya wakala. Kote tulibeba nakala mbili, moja inabaki masjala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, tunarudi nayo. Ofisi moja walituambia "acheni tu hapo mezani". Mama wa kikoba akasema anasubiri muhuri, akavuta kiti. Muhuri ukapatikana.

Hali ilivyo sasa: kalavati limo kwenye mpango. Greda bado hatujaliona. Naendelea chini, karibuni.

Fundi Chuma

Nakazia hapo kwenye muhuri. Nchi hii karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga.

Kiroboto

Mkuu umeandika vizuri lakini unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mbunge anamwogopa nani? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama kimoja, CCM, kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Mtu ambaye ana uhakika wa kupita, ujumbe wa bibi wa vitumbua unamtisha nini? Hayo mambo ya kupigia wawakilishi simu ni ya nchi ambazo kura inamtoa mtu.

Mkazi wa Bondeni

@Kiroboto hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Ni kweli kura ya mwisho si ile inayomnyima usingizi. Lakini diwani wa chama hichohicho ana kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, na wajumbe wanaopiga kura hizo wanaishi mtaani kwetu, wanavuka magogo yaleyale. Kwenye orodha yetu ya waliosaini kulikuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Balozi ni mtu wa chama, si wa serikali, lakini ndiye anayejua kila nyumba na kila nyumba inamjua. Ukimwacha nje kwa sababu za itikadi umejinyima mguu mmoja.

Na tulikuwa makini tusiwe na rangi. Kuna jirani alikuja kwenye kikao cha kwanza na fulana ya chama cha upinzani, mwingine na kofia ya kijani. Tuliwaomba wote wawili kistaarabu wavivue. Wa kofia alinuna zaidi.

Kiroboto

Kwa hiyo mnawabembeleza wajumbe badala ya kudai haki. Sawa. Mimi nimesema.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya utendaji, mtaa na baadaye kata, miaka mingi, sasa nafuga kuku. Mleta mada ameeleza vizuri, naongeza ya upande wa pili wa meza.

Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kinapokaa, mezani pana maombi ya kila mtaa. Wenyeviti wote ni wajumbe, diwani anaongoza, mtendaji wa kata ni katibu. Mitaa mingine inaleta orodha ya mambo kumi na nane: maji, umeme, barabara, kituo cha polisi, dampo, uwanja wa mpira. Mtaa ulioleta kumi na nane haujaleta hata moja, kwa sababu unampa mwenyekiti wa kikao uhuru wa kukuchagulia lile rahisi. Halafu anakuja mwenyekiti mwenye jambo moja, muhtasari, mahudhurio ya watu wengi na picha mbili. Huyu huwezi kumwambia "tutaliangalia", maana wenzake wote wanasikia.

Pili, msisahau diwani wa viti maalum. Anaingia baraza lilelile, ana sauti ileile, na hakuna anayempigia simu. Nimeshuhudia jambo la zahanati likisukumwa na yeye peke yake kwa sababu akina mama watatu walikwenda nyumbani kwake.

Tatu, kuhusu mkutano. Mkutano wa mtaa unaitishwa na mwenyekiti kupitia ofisi. Ukijiitishia mwenyewe uwanjani na spika, hilo ni jambo jingine na linaweza kuishia kituoni, hata kama nia yako ni kalavati. Vijijini Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mkazi yeyote wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Hupewi hisani ya kuingia. Kama mwenyekiti haitishi, andikeni barua ya kuomba mkutano, saini nyingi, nakala kwa mtendaji wa kata. Mara nyingi barua hiyo peke yake inatosha.

Salma wa Ng'ambo

Huku kwetu Unguja mambo ni mengine kidogo. Sheha hachaguliwi, anateuliwa, kwa hivyo ukimshinikiza kwa kura hashituki. Lakini jimbo moja lina watu wawili: mwakilishi anayekwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na mbunge anayekwenda Dodoma. Watu wanachanganya sana. Maji, skuli, barabara za ndani ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi, mpelekee mwakilishi. Nimeona kikundi cha vijana kinamsumbua mbunge kwa jambo la skuli, na yeye kwa kuwa mstaarabu anawapa pole tu.

Nakubaliana na la kuanza na watu wanaojuana. Sisi tulitumia vikundi vya arusi. Usicheke, kamati ya arusi ina mweka hazina, ina orodha ya simu, na inajua nani hatoi mchango.

Mwanakwetu254

Niaje majirani. Kenya tumepitia hii ya kurusha namba za wabunge. Mswada wa Fedha wa 2024, watu walisambaza namba, wabunge wakapigiwa mchana na usiku, wengine wakalalamika hadharani. Ilisaidia? Kiasi. Ushuru wa mkate na ule wa magari wa asilimia 2.5 uliondolewa tarehe 18 Juni kabla ya mjadala. Lakini tarehe 20 wakapitisha kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115, na tarehe 25 wakaupitisha 195 kwa 106 huku vijana wakiwa barabarani na wengine wakiuawa. Rais akakataa kutia sahihi siku iliyofuata. Kwa hivyo simu peke yake haikumaliza kazi, na kilichomaliza kiligharimu maisha ya watu. Sipendi watu wanavyoisimulia kama stori ya mtandao kushinda.

Ile kitu ningependa muige ni maombi rasmi. Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na kuna sheria ya utaratibu ya 2012. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, unaeleza ni ofisi gani ulishaendea na wakakujibu nini, unasema kama jambo liko kortini au la, unamaliza na unachoomba, unaweka sahihi au alama ya kidole. Hata mabunge ya kaunti yanapokea. Mtaa wetu ulipeleka la soko kwa bunge la kaunti, MCA, yaani mjumbe wetu wa bunge hilo, alikuwa amekataa kutuona miezi mingi. Kuitwa mbele ya kamati ndiyo ilimfanya ajue majina yetu.

Fundi Chuma

@Mwanakwetu254 sisi hapa kelele za mtandaoni ziliwahi kufanya kazi. Tozo ya miamala ilianza 15 Julai 2021, watu wakapiga kelele kila kona, mwisho wa Agosti ikatangazwa kupunguzwa kwa asilimia 30, na kwenye bajeti ya 2022/23 ikashushwa tena. Kwa hiyo tusidharau.

Mkazi wa Bondeni

Sidharau. Lakini tozo ilimgusa kila mwenye simu, kuanzia mama ntilie hadi mhariri wa gazeti. Kalavati la mtaa wetu linagusa watu wa mtaa wetu, na hakuna mtu wa Njombe atakayelipigia kelele, wala simlaumu. Jambo la nchi nzima lina njia zake. La bondeni kwetu lilihitaji mama wa kikoba.

Ughaibuni_Minnesota

Niko Marekani mwaka wa kumi na kitu. Hapa kupigia ofisi ya mbunge ni jambo la kawaida kama kulipa bili. Anapokea kijana wa ofisini, anakuuliza jina na msimbo wako wa posta kujua kama kweli ni mpiga kura wa jimbo hilo, anaandika unaunga mkono au unapinga, basi. Dakika mbili. Ukiwa wa jimbo jingine wanakupokea kwa heshima, lakini kwenye hesabu yao haumo. Hilo la mleta mada la kuanza kwa kutaja unaishi wapi lina mantiki hiyohiyo.

Nina swali: sisi tulio nje, wazazi wako mtaani, tunaweza kusaidia vipi bila kuonekana tunaamrisha?

Mkazi wa Bondeni

@Ughaibuni_Minnesota swali zuri, na nitakujibu bila kuzunguka. Msimpigie diwani kutoka huko. Tulikuwa na kaka wa hapa mtaani aliyeko nje alimpigia, akamwambia "huku nilipo mambo hayaendi hivyo". Diwani alikuja kwenye mkutano na hasira ya mtu mmoja, ikatumwagikia wote. Kilichosaidia ni mwingine aliyelipa fotokopi zote na karatasi za saini, bila jina lake kutajwa. Na mpigie mama yako umkumbushe siku ya mkutano. Mama akiambiwa na mtoto wa nje anakwenda.

Dada Mpole

Mimi naogopa jambo moja. Mkikusanya majina, namba za simu na saini za watu, karatasi zile zinaishia wapi? Mtaani kwetu orodha ya waliosaini ilipigwa picha ikarushwa kundini, wiki hiyohiyo watu wakaanza kupokea meseji za "tuma kwenye namba hii". Na dada mmoja mumewe alimuuliza kwa nini ametoa namba yake kwa wanaume.

Mkazi wa Bondeni

@Dada Mpole asante, hili nililisahau kwenye mada na ni muhimu. Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ile ya 2022, na hata isingekuwepo ni adabu tu. Sisi karatasi ya saini ilikuwa na jina, eneo la nyumba na saini. Namba za simu zilikaa kwenye daftari la mama wa kikoba, nyumbani kwake. Karatasi hazikupigwa picha. Mwenye hofu ya kusaini, tulimwambia aje tu mkutanoni akae, mahudhurio yenyewe yanatosha. Wapo waliokuwa na kazi serikalini, wapo wapangaji ambao mwenye nyumba ni rafiki wa mwenyekiti. Usimlazimishe mtu kuwa shujaa kwa ajili ya kalavati.

Kijana wa Kijiweni

Mimi ni bodaboda, nisemee wenzangu. Mkitupanga msituite siku ya mwisho kujaza idadi. Na msiweke mkutano saa kumi na mbili jioni, hiyo ndiyo saa ya hela. Kwetu walituuliza tukasema saa nane mchana, kijiwe kizima kikaja. Pia vijana wale wa magogo wanaovusha watu, wao wanakula pale. Mliwafanya nini?

Mkazi wa Bondeni

Hilo lilitusumbua kweli. Wawili kati yao walikuwa wanawaambia watu kalavati likijengwa nyumba za bondeni zitavunjwa. Uvumi ulienea siku moja tu, watu wakaanza kurudisha nyuma miguu, na si bure, maana watu wa mabondeni Dar wamewahi kuvunjiwa. Tukamwomba mwenyekiti aje na mtaalamu wa wakala aonyeshe kwa mguu, kwenye eneo, kalavati linakaa wapi na upana wake. Alipita na utepe wa kupimia mbele ya watu, akaweka alama juu ya jiwe, bibi yuleyule wa vitumbua akamuuliza "na hapa kwangu?" akaonyeshwa. Kazi ile ilituliza watu kuliko matangazo yote. Vijana wenyewe tuliwaambia ukweli kwamba kazi yao itakwisha, na tukaomba mkandarasi akija achukue vibarua wa mtaani kwanza. Tumeandika hilo kwenye barua ya pili. Kama litazingatiwa tutaona.

Karani Mstaafu

Nauliza kuhusu mbunge, umempita haraka. Alifanya nini hasa?

Mkazi wa Bondeni

Mbunge tulimwendea baada ya kata kukubali, si kabla. Wengi huanza na mbunge kwa sababu jina ni kubwa, halafu diwani anaona amerukwa, anakaa pembeni anangoja mkwame. Sisi tulikwenda watu watano ofisi ya jimbo, diwani akijua. Hatukumfuata msibani, ingawa kuna mtu alipendekeza hivyo kwa kuwa mheshimiwa hakosi misiba. Mimi naona ni kumkosea marehemu, na pale mheshimiwa ataitikia kila kitu ili apite.

Ofisini tulimwomba mambo mawili: alitetee ombi hilo barazani, na aulize swali Bungeni. La pili alilifanya baadaye. Mnajua majibu ya pale: Serikali inatambua umuhimu, tathmini inaendelea, fedha zikipatikana. Watu walikata tamaa kundini. Mimi nilifurahi, kwa sababu jibu lile lilitaja mwaka wa fedha, na maneno ya waziri ndani ya Bunge yanaingia kwenye Taarifa Rasmi (Hansard), kumbukumbu za kila kinachosemwa Bungeni. Tuliichapa ile kurasa, tukaiambatanisha kwenye barua iliyofuata kwa wakala. Sasa si sisi tunaodai, ni Serikali ilisema.

Kiroboto

Hapo kwenye Taarifa Rasmi nimekuelewa. Bado nasema mbunge hamwogopi mtu, ila hapo nimekuelewa. Weka hiyo barua watu tuone.

Mkazi wa Bondeni

Hii hapa, nimeondoa majina ya sehemu. Ukurasa mmoja, usizidi.

*Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata,*
*Kwa kupitia: Mtendaji wa Kata.*

*YAH: OMBI LA KALAVATI LA KIJITO KUWA KIPAUMBELE CHA KWANZA CHA KATA*

*Sisi wakazi wa Mtaa wa ____, tuliokutana kwenye mkutano wa mtaa tarehe ____, tunaomba kalavati la barabara ya ____ liingizwe kuwa kipaumbele cha kwanza cha kata katika mpango wa mwaka wa fedha ____.*

*Kalavati hilo lilisombwa na maji. Wanafunzi wa shule ya msingi iliyo ng'ambo na wagonjwa wanaokwenda zahanati hawana njia nyingine ya karibu wakati wa mvua.*

*Tunaomba kujulishwa kwa maandishi uamuzi wa Kamati baada ya kikao. Tumeambatanisha muhtasari, mahudhurio na picha.*

*Nakala: Diwani wa Viti Maalum, Ofisi ya Mbunge, Meneja wa Wilaya wa wakala husika.*

Karani Mstaafu

Nzuri. Weka kumbukumbu namba ya muhtasari palepale kwenye aya ya kwanza, mtu wa masjala aupate bila kuuliza. Na waliosaini wawe watu watatu: mwenyekiti, mwanamke mmoja na kijana mmoja. Wakija kuitwa kikaoni, wanajulikana ni nani.

Mamantilie

Sisi tatizo letu ni bomba la maji na mwenyekiti ndiye mwenye kisima cha kuuza maji. Hapo tunaanzia wapi?

Mkazi wa Bondeni

@Mamantilie duh. Hapo muhtasari wake msiutegemee. Andikeni barua ya wakazi moja kwa moja kwa mtendaji wa kata, saini nyingi, nakala kwa diwani na kwa mamlaka ya maji. Msitaje kisima chake hata kidogo. Ombeni bomba tu, kila mtu atajaza mwenyewe. Na tafuteni wajumbe wa kamati ya mtaa ambao nao wananunua maji kwake, lazima wapo. Njoo PM, mama wa kikoba amesema atakupigia yeye.